Kumruka Karambu

Asubuhi ya leo Naftaly, mume wangu, alisimama mlangoni mwa jikoni, kofia mkononi, akaniambia kwamba mama yake anataka nimruke tena.

Nilikuwa nachagua maharagwe. Sikuinua uso. "Nimruke mara ngapi? Si mlisema ile ya kwanza iliharibu boma lote?"

"Mwendwa, hii ni ya kurudi. Uruke urudi ulikotoka. Mama amezeeka. Hataki kwenda akiwa amerukwa."

Kwetu Meru hata mtoto anayetambaa anajua jambo hili. Mtu akilala njiani humruki. Ukimruka umemdharau, na aliyerukwa, akiwa mtoto, hakui. Akiwa mtu mzima, kitu fulani chake kimefungwa, na cha aliyeruka pia. Dawa ni moja tu: urudi ulipotokea, umruke kinyume, yaishe. Mimi nilimruka mama mkwe wangu Embu, mchana kweupe, mbele ya umati, mwaka uliofuata ile njaa tuliyolishwa mahindi ya njano ya msaada, na sijamrudia hadi leo. Sikusahau. Nilikataa. Kila Krismasi walinikalisha chini kwa chai na mandazi, wakanibembeleza, nikanywa chai yao, nikala mandazi yao, nikakataa. Kurudi ni kusema nilikosea, nami sikukosea.

Mama mkwe wangu anaitwa Karambu. Hatukupendana tangu siku niliyoingia kwake. Nilipoolewa nilikuwa nimeshachezea Kenya hoki, nimefika Lusaka, nimerudi na fimbo nzuri na pengo la jino. Wazazi wengine wangejigamba. Yeye alinitazama kuanzia unyayo hadi pengo, akamuuliza mwanawe, mbele yangu, kama hapakuwa na wasichana waliokamilika.

"Mwanamke aliyekwisha kuinama mbele ya wanaume na sketi fupi," alisema, "atainama shambani aone nini?"

Hakuniita Mwendwa. Aliniita "mwari wa Riungu", yaani binti ya Riungu, kama mgeni aliyepita kuomba maji. Naftaly alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya Timau, anakuja mwisho wa mwezi, analala, anafuliwa, anakwenda zake. Siku zote zilizobaki nilikuwa mimi na mama yake, boma moja, mto mmoja, jiko moja.

Kisha nikazaa msichana. Na kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya mumeo, na si jina tu: huyo mtoto ndiye yeye. Naftaly akimpakata alimwita mama, wala hakuwa akitania. Bibi mwenyewe hakusema "mtoto". Alisema "mimi".

"Mbona umeniacha nimelowa?"

"Jana sikushiba. Umeninyonyesha ukiwaza mambo yako."

Basi nikawa na mama mkwe wawili, mmoja amekaa kwenye kigoda na mwingine amening'inia kwenye titi, na wote wawili wakipiga kelele walinipigia mimi.

Nilifanya mazoezi nyuma ya kahawa, nikipiga kokwa za avokado. Nilikuwa beki wa mwisho. Beki wa mwisho akipitwa, amebaki golikipa peke yake, na golikipa akipitwa lawama ni za beki. Nilipenda nafasi hiyo kwa sababu hakuna anayekushukuru humo, na mimi shukrani nilikuwa nimeshazoea kuzikosa.

Golikipa wetu alikuwa Ardo, binti ya Roble mwenye bucha Majengo. Wazee wa mtaa wao walinung'unika kwamba msichana wa Kiislamu anacheza uwanjani, lakini Ardo akishavaa pedi, glavu na helmeti hukuona hata kope yake, ikabidi wanyamaze. Ni yeye aliyepanda hadi kwetu Alhamisi moja, akakataa kukaa, akanipa habari akiwa amesimama.

"Mwendwa, ni Jumamosi, Embu. Meru na Embu tunacheza, watu wa Nairobi wanakuja kuchagua wa kwenda Harare. Njuki amesema ukikosa hii, usimtafute tena. Anasema ukishazaa umeisha."

"Amesema hivyo?"

"Tena kwa sauti, na wasichana wote wanasikia. Baba atatupeleka na pikapu. Ukuwe kwa barabara saa moja."

Njuki ndiye aliyekuwa kocha wetu, mtu wa Embu, mfupi, mwenye filimbi shingoni hata kanisani. Nilijua analosema analitenda. Nisipofika Embu, Lusaka itakuwa mwanzo wangu na mwisho wangu, na nitabaki na boma hili na kigoda hicho maisha yangu yote. Nikamwambia Ardo nitakuja.

Mama mkwe alisikia. Ijumaa jioni niliporudi kutoka mtoni, chungu cha githeri, mahindi na maharagwe, kilikuwa kikitokota, na kati ya mafiga niliona kichwa cha fimbo yangu ya Lusaka kikiwaka, ile raba ya mpini ikitoa povu jeusi.

"Kuni zimeniishia," alisema. Nyuma yake kulikuwa na rundo la kuni lililofika dirishani.

Nilitaka kukipindua kile chungu. Badala yake nilileta sahani. Akanipakulia, nikala, macho yangu kwenye macho yake, nikamaliza, nikamnyooshea sahani.

"Imeiva vizuri, Mama. Niongeze."

Akaniongeza. Nikala tena. Nadhani usiku huo ndio alioamua kutumia silaha kubwa.

Asubuhi nilivaa viatu vyangu vya raba nikatoka. Langoni mama mkwe alikuwa ametandika ngozi ya mbuzi kutoka nguzo hadi nguzo, na juu ya ngozi amemlaza mtoto, amefunikwa shuka, anacheza na vidole vyake. Yeye bibi ameketi kando kwenye kigoda.

"Mimi hapa nimelala," akasema. "Niruke uende."

Zamani wanawake wazee walifanya hivyo kuzuia wanaume wasiende kupigana: walilala njiani, vita vikaisha. Lakini Karambu alikuwa na magoti mabovu, na umande wa asubuhi hakuutaka mgongoni. Akaona amtume yule mwenzake mdogo, kwani si ni yeye yule. Kuzunguka sikuweza. Boma limezungushiwa miiba ya kaiyaba, na mwanamke anayetoka kwa mumewe kwa kupenya uzio ametoka moja kwa moja, hata watu hawamuulizi anakwenda wapi.

Nilisimama pale nikihema. Kisha nikaona kosa lake, nikataka kucheka kwa sauti. Mtu mzima aliyelala njiani humwinui. Mtoto anainuliwa.

Nikainama, nikamchukua, nikamfunga mgongoni. "Njoo, Mama," nikamwambia mtoto. "Twende Embu."

"Niweke chini!" bibi akapiga ukelele. "Mwari wa Riungu, niweke chini!"

"Nikuweke wapi, na umelala njiani? Nimekutoa njiani."

Nilikwenda kwa hatua ndefu, naye akanifuata kwa magoti yake yale, akilaani nyumba ya baba yangu chumba kwa chumba. Roble alipoona mama mtu mzima anakuja mbio akashuka, akamfungulia nyuma ya pikapu kwa heshima, akidhani ni shabiki. Akapanda. Angefanya nini, ajiache aende peke yake? Njia nzima, Chuka hadi Runyenjes, kila soko tulilopita alisimama akawaambia watu, "Nimeibwa! Nimeibwa!" Watu walimpungia mikono.

Embu uwanja ulikuwa murram tupu, mwekundu, wenye vijiwe. Njuki aliniona na mtoto mgongoni akaweka mikono kiunoni.

"Hii ni timu ya taifa, si kliniki. Umeleta mtoto, umeleta nyanya, si ungeleta na ng'ombe?"

Wasichana wa Embu walicheka. Mshambuliaji wao, Kagure, mwenye miguu mirefu, alicheka kuliko wote. Nilimfungua mtoto nikamkabidhi mama mkwe.

"Jishike mwenyewe," nikamwambia.

Nikaazima fimbo ya Ardo ya akiba, nzito, isiyo yangu, nikaingia.

Ile mechi haikuwa mchezo. Kila msichana alitaka Harare na kila mmoja alijua nafasi ni chache. Kagure alinigonga kisigino, refa akageuka upande mwingine. Nilimrudishia kwenye muundi wa mguu, refa akageuka tena. Maziwa yalinijaa yakalowesha jezi, nikasikia mtu pembeni akisema, "Aende anyonyeshe." Nilimnyang'anya Kagure mpira hadi akaanza kunikimbia. Watu wa Nairobi walikuwa wamekaa kwenye viti vya kanisa chini ya turubai: wanaume, na mwanamke mmoja mwenye miwani myeusi. Sikuwa na nafasi ya kuwatazama zaidi.

Karibu na mwisho, bado hatujafungana, tulisukumana sote hadi upande wa Embu. Mimi pia nilipanda. Sikupaswa, lakini nilitaka miwani ile inione. Mpira ukatoka kwenye miguu ya watu, Embu wakaupiga mrefu, na Kagure akachomoka peke yake. Niligeuka nikamfukuza. Ardo akatoka golini, akajitupa, akapitwa, akalala kifudifudi na pedi zake kama gunia. Mpira uliguswa kidogo tu na glavu yake, ukawa unajiendea polepole kuelekea goli tupu, ukidundadunda kwenye vijiwe.

Na hapo ndipo mama mkwe wangu alipoingia.

Alitokea pembeni ya goli. Alikuwa amejifunza lile somo la langoni. Safari hii hakumlaza mtoto: alijilaza mwenyewe chali kwenye murram, magoti yake na yote, na mtoto amemfunga kifuani kwa leso, mafundo mawili. Alilala sawasawa kati yangu na mpira.

Kagure alikuwa karibu zaidi. Hatua chache angeusukuma mpira ndani na kwenda Harare yeye. Alifika kwa yule mama, akafunga breki, mikono hewani, vumbi likampita. Beki wetu wa kulia akasimama. Embu wote wakasimama. Refa filimbi ilimkaa mdomoni na hakuipuliza. Wote walikuwa watu wa huku. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ni chini ya lile turubai tu walikokuwa wanaulizana kuna nini.

Watu wamenisaidia kwa miaka mingi kusema uongo. Wamesema sikumwona. Wamesema niliteleza, mwendo ulinibeba. Hapana. Nilimwona, nikamwona na mtoto, nikajua ni nini nafanya, nikaruka. Nilitua upande wa pili, nikaufikia mpira ukiwa kwenye mstari, nikaupiga ukaenda hadi kwenye mahindi ya watu.

Mtoto hakulia. Mama mkwe aliinuka taratibu, akajipangusa, akaja karibu nami. Nilitegemea kelele. Aliniambia chini chini, karibu kwa upole:

"Rudi. Rudi unitoe."

"Mechi haijaisha, Mama."

"Mwari wa Riungu. Rudi."

Ningeweza kurudi pale pale. Ingekuwa jambo la kupepesa macho. Lakini nilikumbuka fimbo yangu inavyotoa povu chini ya chungu, nikamgeuzia mgongo, nikaenda kuuchukua mpira.

Yule mwanamke wa miwani aliuliza jina langu. "Huyu," alimwambia Njuki. "Huyu haoni mtu." Njuki akaniandikisha huku akinitazama kama nyoka aliyeingia nyumbani. Kagure naye hakuchaguliwa. Mwaka uliofuata alinitumia salamu za matusi kwa mdomo wa mtu, na sikumlaumu.

Basi nikaenda Harare. Nikaenda na kwingine, miaka mingi, mwisho nikiwa nahodha. Nilipigwa mpira wa mbavu, wa taya, wa jicho. Nilijua hoteli zenye mkate mkavu na viwanja vya ndege ambavyo ukirudi hakuna hata ndugu aliyekuja na ua. Mtoto alilelewa na bibi yake, yaani na yeye mwenyewe. Nyumbani wanawake waliponiona mtoni walisogeza mitungi yao. Kwenye sherehe sikupewa mwiko niugawe uji. Sikuzaa tena. Daktari alisema hilo humpata mtu yeyote. Mama mkwe alisema alikuwa anajua tangu Embu.

Na mtoto alikuwa mfupi. Loo, jinsi alivyofurahia ufupi huo! Kila nikirudi safari alimsimamisha mlangoni. "Ona! Sikui! Nimefungwa hapa hapa uliponirukia!" Lakini hoki haitaki twiga. Karambu wangu alikuwa karibu na mpira kuliko wote, na sasa ni mwalimu, anafundisha hoki wasichana wa shule moja huko juu. Naftaly tangu siku ile ya Embu anakula kwa mama yake na kulala kwangu, mtu wa nyumba mbili asiye na amani hata katika moja.

Leo alilia. Alisimama pale na kofia yake, mvi kichwani, akalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Nikaweka maharagwe chini.

"Nitaruka," nikasema. "Lakini radhi siombi."

Nilichukua mkongojo wangu nikashuka hadi kwa mama yake. Walikuwa wamemtandikia mkeka kwenye kizingiti cha mlango, kichwa huku, miguu kule, na yeye amelala chali, mdogo, amekauka, macho makali vile vile. Naftaly alipitia mlango wa nyuma akaingia, na mlango huo, kwa kuwa mama yake aliamuru, akaufunga kwa kufuli. Ndani alikuwemo pia binti yangu Karambu, amevaa traksuti, filimbi shingoni, anatazama saa. Wasichana wake walikuwa na mechi Embu.

"Umeshika fimbo ya kweli sasa," mama mkwe akaniambia, akiutazama mkongojo.

"Nimekuja. Sema unavyotaka nifanye."

"Kichwa changu kiko kilikokuwa siku ile. Wewe uko nje. Ruka uingie."

Nikauegemeza mkongojo ukutani. Nikashika mwimo wa mlango. Nikainua mguu wa kulia. Ukapanda kidogo, ukagoma. Nikajaribu wa kushoto. Wa kushoto haukupanda kabisa. Murram ya nchi hii na ya nchi za watu ilikuwa imeyala magoti yangu, kidogo kidogo, safari kwa safari, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitahitaji kuruka kimo cha kibibi aliyelala.

"Unakataa hata sasa!" Naftaly akafoka.

"Siwezi."

"Hutaki!"

"Siwezi ruka, Naftaly! Hii magoti imekufa!"

Mama mkwe akaanza kucheka, kicheko kikavu, cha meno yaliyokwisha. "Kufika Harare aliweza. Mkeka umemshinda."

Hasira zikanipanda. Nikajirusha na mguu ule ule wa kulia, nao ukakunjika, nikaanguka kando yake kwenye kizingiti, bega langu kwa bega lake. Sikuweza kuinuka. Naftaly alinivuta mkono, mgongo wake ukalia, akaniacha. Mama mkwe akaidaka sketi yangu, akaishika kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi.

"Hakuna anayetoka mpaka huyu aruke," akasema.

"Cucu, wasichana wangu wako kwa basi," binti yangu akamwambia bibi yake kutoka ndani. "Mechi ni saa nane. Baba, ufunguo wa nyuma uko wapi?"

"Nimeumeza," bibi akasema. Alikuwa ameuficha tu kabla ya kulala pale, lakini hakuna aliyethubutu kumpekua.

"Mama, jisogeze kidogo," binti yangu akaniambia.

"Siwezi, mwanangu."

Alitutazama sote wawili, mimi na bibi yake, tumelala pale tumeziba mlango. Akatazama saa. Niliiona ile sura. Nilijua anachokifikiria kabla hajakifikiria.

"Karambu," nikamwambia. "Usifanye hivyo."

Akarudi nyuma, akaja mbio, akaturuka wote wawili kwa mpigo, akatua uani. Vumbi la viatu vyake likaniingia machoni.

"Rudi!" tukapiga kelele, mimi na yule mama, pamoja, kwa sauti moja. "Karambu, rudi ututoe!"

Tukasikia pikipiki ikiwaka, ikateremka, ikanyamaza barabarani. Iliniuma. Sitasema haikuniuma.

"Huyo ni wako," mama mkwe akasema.

"Ana jina lako."

Tulilala. Ndani Naftaly alikuwa anatafuta ufunguo kwenye sufuria. Nikamuuliza, kwa sababu hakukuwa na lingine la kufanya, siku ile Embu aliona nini kutoka chini pale.

"Soli za viatu vyako," akasema. "Nilikuwa nakutazama usoni. Kila siku unasema uliniona. Hukutazama chini."

Nikajaribu kukumbuka. Nikakumbuka mpira, vijiwe, mstari wa goli.

"Huyu aliyeturuka naye hakutazama," nikasema.

"Ee," akasema. "Nimeona."

Bado alikuwa ameishika sketi yangu.